Jembe la Siku ya Tatu

Wapo watu wanaosema wanaijua nchi ya Kiganja. Wasamehewe. Nchi hiyo haimo katika ramani yoyote iliyochapishwa kwa gharama ya serikali, na hata ingekuwamo, mchoraji angeifunika kwa kidole gumba akiwa ameshika karatasi. Ilikuwa na milima mitano, mto mmoja, bendera mbili, ya kiangazi na ya masika, na mawaziri arobaini na wanne, kwa sababu nchi ndogo inahitaji kuangaliwa kwa karibu.

Mashariki yake ilikaa Jamhuri Kuu ya Mapana. Kusini pia ilikaa Mapana, na magharibi. Kaskazini kulikuwa na mlima, na nyuma ya mlima kulikuwa na Mapana.

Katika mji wa Lwande, ambao ulikuwa mji mkuu kwa kuwa haukuwapo mwingine, aliishi mhunzi aitwaye Sengondo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na sikio lake la kulia lilikuwa limekufa kwa kelele za nyundo. Alitengeneza majembe kwa springi za malori mabovu. Kila jembe alilipiga alama ya mikwaruzo mitatu karibu na shingo, unyayo wa kwale, kama alivyopiga marehemu baba yake. Mivukuto ya kupulizia moto ilikuwa kazi ya mkewe, Mwantumu. Kuna nchi ambako mwanamke hakaribii moto wa mhunzi. Lwande walisema moto haujui kanzu wala kanga, unajua upepo tu.

Jembe la Sengondo lilidumu miaka tisa. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake la kwanza, ingawa siku zile halikuwa limeandikwa popote.

*

Siku moja ulikuja ujumbe wa Mapana, watu kumi na sita na masanduku yao, kuzungumzia Mkataba wa Soko Huria. Rais wa Kiganja aliwapokea uwanjani kwa ngoma, akafungua mikono, akasema kama ambavyo kila mtu wa nchi ile husema kwa kila mgeni, hata kwa mgeni asiyempenda:

"Karibuni sana. Kwetu ni kwenu."

Mtu wa Kiganja akiambiwa hivyo anajua la kufanya. Anajibu, "Na kwetu ni kwenu," halafu anakaa pembeni ya mkeka. Akiletewa chakula anamega tonge mbili tatu na kusema ameshiba. Wajumbe wa Mapana hawakujibu. Walimwomba mkalimani arudie maneno ya Rais polepole. Wakayaandika. Wakamwomba Rais atie sahihi chini yake, naye akatia, maana sahihi yake ilikuwa nzuri na alipenda ionekane.

Siku ya pili walikula. Walimaliza sinia, wakauliza kama jikoni kuna zaidi.

Siku ya tatu serikali ikafuata mila. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa wenyeji maana yake haikuhitaji mkalimani, kwamba tumefurahi kukuona, na sasa ama ulime nasi ama uende. Hakuna mgeni wa Kiganja aliyewahi kuona jembe siku ya tatu asikumbuke kwamba ameacha maharage motoni nyumbani kwake. Kwa kuwa hawa walikuwa wageni wa taifa, liliagizwa jembe la heshima kwa Fundi Sengondo, na Waziri wa Ujirani Mwema, Mheshimiwa Fumbwe, akalikabidhi mwenyewe juu ya mto mdogo wa hariri.

Kiongozi wa wajumbe alilipokea kwa mikono miwili. Akalipima uzito. Akaligonga kwa kucha, akasikiliza. Akauliza nani kalitengeneza.

Sengondo akasukumwa mbele.

"Unatengeneza mangapi kwa siku?" akaulizwa.

"Manne," akasema Sengondo. "Matano nikiwa na hasira."

"Na hii alama?"

"Unyayo wa kwale. Wa marehemu baba."

Yule mjumbe akaipapasa alama kwa kidole, kisha mwenzake akaichora kwenye daftari, kwa uangalifu, kila mkwaruzo mahali pake. Sengondo alirudi nyumbani kifua mbele. Alimwambia Mwantumu kwamba wakubwa wa Mapana ni watu wanaojua kazi ya mtu wakiiona.

Asubuhi ya siku ya nne wajumbe waliondoka na masanduku yao na jembe. Watu wa Lwande wakaambizana sokoni kwamba mila bado ina nguvu, hata Mapana wameelewa.

Siku ya arobaini yakaja makontena mia moja ya majembe. Yalikuwa mepesi, yanang'aa, bei yake nusu ya bei ya Sengondo. Na kila jembe, karibu na shingo, lilikuwa na unyayo wa kwale.

*

Mkataba ulisomwa hadharani na Waziri Fumbwe. Ibara ya kwanza ilikuwa fupi: Kwetu ni kwenu. Ibara ya pili ilitoa ufafanuzi. Neno "kwetu" maana yake ni Kiganja. Neno "kwenu" maana yake ni Mapana. Ibara zilizobaki, themanini na tisa, zilieleza namna.

Mwalimu mmoja mstaafu alinyoosha mkono. "Mheshimiwa, jibu lake liko ibara ya ngapi? Lile la 'na kwetu ni kwenu'?"

"Swali zuri sana," akasema Waziri. "Hilo ni la mazungumzo ya awamu ya pili."

"Awamu ya pili ni lini?"

"Tarehe yake itazungumzwa katika awamu ya pili."

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa jibu lilikuwa limekamilika pande zote.

Na haki isemwe, mema yalikuwapo. Mabati yalishuka bei, na nyumba ambazo zilivuja tangu enzi za mababu zikaacha kuvuja. Baiskeli zikaja. Tena dawa zikaja. Mwantumu alikuwa na presha iliyomlaza miezi kwa miezi, na vidonge vilivyotengenezwa pale Lwande vilikuwa adimu na ghali. Sasa vidonge vya Mapana viliuzwa kila duka kama njugu. Mwantumu akaamka. Akaanza tena kucheka kile kicheko chake cha kuinamisha kichwa, akashika tena mivukuto. Sengondo, ambaye wateja wake walikuwa wameanza kupungua, aliwaombea Mapana kila swala, na hakuwa anaigiza.

Asali ya Kiganja nayo iliuzwa Mapana, kama Mkataba ulivyoahidi. Iliuzwa kwa miezi miwili. Mwezi wa tatu wakaguzi wa Mapana waligundua kwamba nyuki wa Kiganja wanavuka mpaka kwenda kwenye maua bila vibali, na asali yote ikarudishwa hadi hapo kila nyuki atakaposajiliwa. Serikali iliunda tume. Wakati wa habari hizi tume ilikuwa imefika nyuki wa mia tatu.

*

Bi Nyange, jirani yake Sengondo, mkulima wa mtama na mjane mwenye ulimi, alipita mbele ya kiwanda cha uhunzi akiwa na jembe jipya begani. Sengondo aliangalia pembeni. Bi Nyange hakuwa mtu wa kupita kimya.

"Shemeji, usinitazame kama niliyekuibia kuku."

"Sijasema kitu."

"Ndiyo shida yako, husemi. Jembe lako zuri, nani atabisha? Lakini kwa bei yako napata mawili."

"Hilo litakatika shingo."

"Likikatika nitatumia la pili."

"Na la pili likikatika?"

"Ah, Shemeji! Mbona unanizikia majembe yangu hata hayajaumwa?" Akacheka, akaita ndani, "Wifi Mwantumu, mwambie mumeo mimi nampenda, ila shamba langu halili mapenzi."

"Amesikia," akajibu Mwantumu kutoka kwenye mivukuto. "Sikio moja linatosha kwa maneno yako."

Mwaka haukuisha wahunzi wengine sita wa Lwande walikuwa wamezima moto. Mmoja akawa mlinzi wa ghala la majembe ya Mapana. Alipewa sare na rungu, na akiulizwa hali alisema anashukuru, kwa sababu bado yuko kwenye sekta.

Sengondo peke yake aliendelea, majembe mawili kwa wiki, kwa ajili ya wazee wachache wasiopenda mabadiliko. Ndipo akaja Afisa Lihame wa Idara ya Asili ya Vitu.

Idara hii iliundwa na Ibara ya thelathini. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila kitu kinachouzwa Kiganja kinajulikana kimetoka wapi. Lihame mwenyewe alizaliwa mtaa wa nyuma, mtu mzima wa miaka hamsini, mpole, mwenye mkoba wa ngozi. Alimwamkia Sengondo vizuri, akauliza hali ya shemeji, akakaa kwenye kigoda, akalichukua jembe lililokuwa bado la moto na kuliweka chini haraka.

"Fundi, alama hii umeitoa wapi?"

"Wewe Lihame, huijui alama hii? Baba yako amezikwa kwa jembe la alama hii."

"Naijua mimi, Idara haijui. Alama hii imesajiliwa Mapana. Ukiipiga kwenye jembe, hilo jembe ni bandia."

Sengondo akamgeuzia sikio zima, akidhani hakusikia sawasawa. "Jembe langu ni bandia ya jembe lao?"

"Kisheria."

"Na la kwao asili yake ni wapi?"

"Kiganja," akasema Lihame, akitazama chini. "Kwetu ni kwenu, Fundi. Kinachotoka kwao kimetoka kwetu. Kina cheti."

"Na la kwangu?"

Lihame akafungua mkoba, akasoma karatasi. "Springi ni za malori. Malori yalitoka Mapana. Kwa hiyo chuma ni chao. Alama ni yao. Makaa..." akatazama jiko, "makaa hayo tutayachunguza. Kwa sasa jembe lako linaandikwa 'asili haijulikani'. Ukipiga alama, ni bandia, miaka mitatu. Usipopiga alama, ni haramu, mwaka mmoja. Leo nakuonya tu, kwa sababu tumekua pamoja. Nikikukuta mara ya pili, kiwanda kinachukuliwa, na wewe unachukuliwa pamoja nacho, kama mojawapo ya vifaa vyake."

"Vifaa?"

"Ndivyo fomu ilivyo. Haina nafasi ya kuandika mtu."

Alipoondoka, Mwantumu aliachia mivukuto. Moto ukalala wenyewe taratibu, kama mtoto aliyechoka kulia. Sengondo alikaa akiutazama mpaka majivu yalipokuwa meupe. Hakuuwasha kesho yake, wala mwezi uliofuata. Mwantumu alisema nyumba yao imeanza kunuka baridi.

*

Mwaka wa tatu wa Mkataba, Mapana walifunga mpaka.

Hawakutoa sababu nyingi. Ilisemekana wana vita upande wao wa mbali, ambako hakuna mtu wa Kiganja aliyewahi kufika, na wanahitaji chuma chao na dawa zao. Tangazo lao lilisema kwamba biashara huria ni pamoja na uhuru wa kutofanya biashara. Waziri Fumbwe alilisoma redioni kwa sauti nzito.

"Ndugu wananchi," akasema, "msitaharuki. Mkataba haujavunjika. Mkataba umepumzika. Ibara zote tisini na moja zinaendelea kufanya kazi kwa upande wetu. Hii ni dalili ya kukomaa. Mtoto huachishwa ziwa ili akue."

Vidonge vikaisha madukani katika wiki ya pili. Watu wakakumbuka kile kiwanda cha vidonge cha pale pale Lwande, wakaenda kukitafuta. Kilikuwa kimekuwa ukumbi wa harusi tangu mwaka wa kwanza. Mwantumu alianza kukata kidonge chake katikati. Baadaye akakata nusu katikati. Kicheko kile kikarudi nyuma tena, na jioni alikaa mlangoni ameshika kisogo.

Kisha majembe yakaanza kukatika shingo. Hayakusubiriana. Yalikuwa ya umri mmoja, nayo yalikufa pamoja, kama kuku wa banda moja. Kwenye maghala hakukuwa na jingine. Na mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kukusanyika juu ya milima mitano.

Bi Nyange alikuja asubuhi na mapema, amefunga kitu kwenye kanga kifuani kama mtoto mchanga. Akaifungua. Ndani mlikuwa na majembe mawili, vichwa mbali, mipini mbali.

"Sema," akamwambia Sengondo. "Sema uliniambia."

"Sina la kusema, Shemeji."

"Basi tukana. Nitavumilia. Lakini uniwashie moto, maana nina mbegu ndani na sina cha kuifukia. Nimejaribu kwa kijiti jana. Kwa kijiti, Shemeji, mimi Nyange."

Nyuma yake walikuwa wamesimama watu wawili. Nyuma ya hao wanne. Hakuna aliyewaita. Kufikia saa tatu foleni ilikuwa imefika kwenye nyumba ya mwalimu mstaafu, kila mtu na vipande vyake, hakuna anayepiga soga. Hata yule mlinzi wa ghala alikuwamo, na sare yake.

Sengondo aliingia ndani. Mwantumu alikuwa amelala chali, kitambaa cha maji usoni.

"Wako wangapi?" akauliza.

"Mtaa mzima."

"Na Lihame?"

"Lihame atakuja. Moshi una mdomo."

Mwantumu akageuza kitambaa upande wa baridi. "Mimi nimeishi miaka miwili kwa dawa ya wale watu. Siwatukani. Lakini hawa hapa nje watakula nini, Ibara?" Akaketi, akaondoa kitambaa. "Nishike mkono. Mivukuto haijisukumi."

"Mke wangu, wewe hali yako..."

"Hali yangu naijua. Washa."

Akawasha. Mtu mmoja kwenye foleni alipoona moshi alianza kulia bila sauti, na waliokuwa karibu wakajifanya hawaoni. Sengondo akaweka springi motoni, akaitoa, akaipiga, akaikunja shingo. Jembe la kwanza lilipokuwa tayari, jekundu bado, alishika tindo ya alama, akasita.

"Usipoipiga ni mwaka mmoja," akasema Mwantumu, anahema. "Ukiipiga ni mitatu."

"Najua."

"Nakukumbusha tu. Sikuchagulii."

Sengondo akatazama lile jembe. Lilikuwa zuri, zito, la miaka tisa. "Baba hakunifundisha kutengeneza jembe lisilo na baba," akasema, akapiga mara tatu.

Bi Nyange alilipokea, akaibusu alama, akaungua mdomo, akatukana, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile watu wakacheka.

*

Lihame alifika jembe la sita lilipokuwa linapoa. Alikuja na gari la Idara na askari wanne, lakini aliwaacha garini. Akaingia kwenye foleni kama watu wengine, akasimama nyuma ya mlinzi wa ghala. Mlinzi alikuwa akingoja hilo la sita, na waliomfuata wakarudi hatua moja kumpisha afisa. Zamu yake ilipofika alifungua mkoba wa ngozi, akatoa jembe lililokatika.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. La nani?"

"La mama. Ana ekari mbili kule bondeni, na mvua ndiyo hii."

Sengondo akamtazama usoni, kisha akachukua chuma. Hakuharakisha, wala hakuchelewesha. Mwantumu alisukuma mivukuto, midomo imekuwa ya kijivu. Watu waliona Fundi akilipiga jembe la mama yake Lihame kama alivyolipiga la Bi Nyange, shingo nene, makali sawa, na mwisho alama, moja, mbili, tatu. Lihame alilipima uzito. Akaligonga kwa kucha, akasikiliza.

"Zuri sana," akasema. "Mama atakuombea." Akalipeleka garini, akaliweka chini ya kiti chake. Akarudi amevaa kofia ya Idara.

"Sasa, Fundi, naomba uache kazi."

"Lihame!" Bi Nyange akapaza sauti. "Huna haya? Si sasa hivi umetoka kupokea?"

"Lile lilikuwa la mama," akasema Lihame. Sauti yake ilikuwa ya chini alipokuwa anafungua fomu. "Hili ni la Idara. Nikiacha mimi, watamleta mwingine, na yule hatasalimia."

Akasoma. Nyundo mbili. Koleo tatu. Fuawe moja. Tindo ya alama. Mivukuto jozi moja, na hapo askari akaomba radhi kwa Mwantumu kabla ya kuichukua mikononi mwake. Majembe bandia sita, ambayo askari waliyakusanya kutoka kwa wenyewe, la Bi Nyange likichukuliwa na watu wawili. La saba halikusomwa. Mwisho kabisa, baada ya ndoo ya maji, Lihame akasoma: "Sengondo, mhunzi, mmoja."

Fuawe, lile pande la chuma la kufulia, ilibebwa na askari wote wanne, na bado waliiburuza. Ilichimba mfereji mrefu kutoka kiwandani hadi barabarani. Sengondo alipandishwa nyuma ya gari, akakaa juu yake. Alitaka kumwambia mkewe neno, lakini injini iliwashwa, ikamjaa sikio zima, na alipogeuka gari lilikuwa limeshaondoka naye.

Mwantumu alibaki ameketi mbele ya jiko, mikono bado imeshika upepo pale mivukuto ilipokuwa. Makaa yalikuwa mekundu. Tone la kwanza la mvua likapenya kwenye paa la makuti la kiwanda, likaangukia moto, ukapiga mluzi. Likafuata la pili.

Nje, watu hawakuondoka. Walisimama na vipande vyao mvuani, wakiutazama moto, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme kitu. Kisha, kwa kuwa nafasi ya mbele ilikuwa wazi, foleni ikasogea hatua moja.